Sura ya Sita: Chumba Chini ya Bati

Nyumba za Usukuma zimebadilika kwa nje kuliko zilivyobadilika kwa ndani. Katika vizazi viwili hivi, msonge wa duara wenye paa la nyasi umeipisha nyumba ya pembe nne, ya tofali la kuchoma au la saruji, iliyoezekwa bati. Hivyo ndivyo ilivyo Malampaka, mji mdogo wa wilaya ya Maswa uliojengeka kando ya reli ya Tabora na Mwanza, ile iliyofika ziwani mwaka 1928. Mabadiliko hayo ni maendeleo ya kweli. Bati halivuji kama nyasi zilizochoka, halishiki moto kwa cheche ya jikoni, na maji ya mvua yanayotiririka juu yake hukingwa yakanywewa, jambo kubwa katika mkoa uliozoea ukame kama Simiyu. Lakini nyasi zilikuwa na kazi nyingine ambazo fundi hakuziandika kwenye hesabu yake: zilizuia joto la mchana, zilipunguza kishindo cha mvua, zilipitisha moshi taratibu. Zilipoondoka, kazi hizo zilibaki bila mwenyewe. Hoja ya sura hii ni kwamba mwenyewe anapaswa kuwa msanifu wa ndani, na kwamba mahali pa kumfundishia ni chuo cha ufundi kilicho karibu na nyumba zenyewe, kama Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Malampaka. Si sawa kumsubiri atoke Dar es Salaam.

Tuanze na jua, maana ndilo linaloamua mengi. Malampaka iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Kuelekea katikati ya Machi, na tena karibu na mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri hupita utosini, na hata miezi mingine haliendi mbali sana na hapo. Kwa hiyo paa ndilo linalobeba mzigo mkubwa wa joto la mchana. Kuta za mashariki na magharibi hubeba jua la asubuhi na la jioni, na kuta za kaskazini na kusini hupata nafuu. Bati la geji 30 halifiki nusu milimita kwa unene. Likichomwa na jua tangu saa tatu asubuhi, kufikia saa nane mchana linarusha joto lile kwa waliomo chumbani. Sasa weka watu humo. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa kaya ya Simiyu ilikuwa na wastani wa karibu watu 7, wakati wastani wa taifa haukufika 5. Watu wa mkoa walikuwa milioni 1.58 mwaka huo, na sensa ya 2022 ikawakuta milioni 2.14. Mwili wa mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 au 80. Watoto wanne katika chumba cha futi 10 kwa 10, dirisha limefungwa kwa kuogopa mbu na wezi, ni jiko dogo linalowaka usiku kucha. Mtoto wa darasa la saba anayelala humo anaamka amechoka kabla hajaanza safari ya shule.

Dawa za tatizo hili zinajulikana na hazina maajabu. Dari huweka tabaka la hewa kati ya bati na watu. Lakini dari bila matundu ya kutolea hewa kwenye pembe za juu za ukuta hufungia joto pale pale, likashuka polepole usiku wakati watu wamelala. Wenye nyumba wengi wamelipa fedha ya dari wakashangaa kuona chumba bado kinafukuta, na kosa halikuwa la dari. Dirisha moja halipitishi upepo hata likiwa kubwa, kwa sababu hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Rangi nyeupe nzuri hurudisha takriban sehemu nne kwa tano za mwanga unaoigusa, ilhali ukuta wa rangi ya kahawia iliyokolea humeza mwanga mwingi, na mwenye nyumba akalazimika kuwasha taa mchana na kununua umeme wa kufuta giza alilojipakia mwenyewe. Kitanda kilichosogezwa kutoka ukuta wa magharibi kwenda wa kusini hakigharimu hata shilingi. Hii ndiyo sayansi ya usanifu wa ndani katika hali yake ya msingi: kujua joto, mwanga, hewa, sauti na mwendo wa watu hukutana wapi ndani ya chumba, kisha kuvipanga kwa fedha iliyopo. Mwanafunzi mwenye kipimajoto, futi kamba na daftari anaweza kuithibitisha ndani ya wiki moja.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, linasema haya ni anasa. Mkulima wa pamba ambaye bei imemwangusha msimu huu ana haja na mbegu, ada na dawa. Mambo ya sebule yangoje. Ninaliheshimu pingamizi hili kwa sababu linatoka kwa watu wanaojua umaskini. Hata hivyo linachukulia kwamba watu hawatumii fedha ndani ya nyumba, nalo si kweli. Watu wanatumia. Msimu ukienda vizuri, fedha ya pamba, ya mpunga au ya ng'ombe huingia kwenye bati la msauzi la rangi nyekundu au kahawia, dari ya jipsamu yenye ngazi na taa za rangi, marumaru ya kung'aa, makochi makubwa yanayojaza sebule mpaka mlango haufunguki vizuri, na mapazia mazito yanayofunika dirisha lile lile lililokusudiwa kuingiza upepo. Yote yamenakiliwa kutoka nyumba za Masaki na Mbezi jijini Dar es Salaam, ambako kiyoyozi huficha makosa ya mchoraji. Huku Maswa hakuna cha kuyaficha. Bati la rangi iliyokolea hunyonya joto kuliko jeupe. Kochi la sponji nene katika chumba kisicho na hewa halikaliki mchana. Fedha imetoka na shida imebaki. Mwenye kipato kidogo kosa la namna hii humuumiza zaidi kuliko tajiri, kwa kuwa tajiri atalibomoa mwakani, ilhali yeye wa kipato kidogo ataishi nalo miaka ishirini. Elimu ya kupanga ndani ya nyumba ina faida kubwa zaidi pale ambapo fedha ni chache.

Wengine huona elimu hii ni ya Wazungu, ya majarida yenye picha za theluji dirishani. Historia ya pwani na ya bara inakataa. Katika nyumba za mawe za Lamu, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kutoka uani kwenda ndani, faragha ikiongezeka kwa kila hatua. Na ukuta wa mwisho ukachongwa zidaka, safu kwa safu za vishubaka vya plasta vinavyotunza vyombo bila kuchukua hata inchi ya sakafu. Yule aliyebuni zidaka alikuwa amepewa chumba chembamba na akakitafutia jawabu. Usukuma nao ulikuwa na wabunifu wake. Mwaka 1953 Hans Cory, mtafiti wa mila aliyefanya kazi chini ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha kitabu kizima kuhusu michoro ya chama cha wacheza nyoka, iliyochorwa kwenye kuta za ndani za nyumba walimofundwa wanachama wapya. Kuta zile zilikuwa zikifundisha. Picha ilikaa mahali pake ili mwali aione kwa wakati wake. Watu waliofikiri hivyo juu ya ukuta wa ndani hawahitaji kuambiwa kwamba chumba kina kazi. Wanahitaji wajukuu wao warudishiwe kazi hiyo katika nyumba ya bati.

Sasa chuo. Mwaka 1975 serikali ya Mwalimu Nyerere, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa mfano wa vyuo vya watu wazima vya Skandinavia, ambavyo chimbuko lake ni fikra za N.F.S. Grundtvig wa Denmark katika karne ya 19. Vyuo hivyo vimezidi hamsini nchini. Malampaka ni kimojawapo, Bariadi kipo, na Malya, kituo jirani kwenye reli hiyo hiyo upande wa Kwimba, kipo pia. Tangu mwaka 2016 viko chini ya wizara ya elimu, na vingi sasa vinatoa mafunzo ya ufundi stadi kwa mitaala ya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kwa kawaida vyuo vya aina hii hufundisha ushonaji, useremala, uashi, umeme wa majumbani, upishi na kilimo. Tazama orodha hiyo kwa makini. Pazia na foronya zinatoka kwa mshonaji, kabati na kitanda kwa seremala, lipu na sakafu kwa mwashi, taa na swichi kwa fundi umeme, na mpishi ndiye anayejua jiko linavyotumika. Vipande vyote vya usanifu wa ndani vimo ndani ya uzio mmoja. Kinachokosekana ni somo linalowakalisha wanafunzi hao mezani pamoja, mbele ya mchoro mmoja wa chumba kimoja, wakapatana nani aanze na nani amalize.

Kukosekana kwa meza hiyo kuna gharama inayoonekana kila mtaa. Mwashi anapiga lipu, ukuta unakuwa laini kama yai. Wiki inayofuata fundi umeme anakuja na tindo kuuchimba apitishe mabomba ya waya, kwa sababu hakuna aliyeuliza kitanda kitakaa wapi na soketi itakaa wapi. Fundi rangi anamaliza, ndipo fundi jipsamu anaingia na vumbi lake. Seremala anatengeneza kabati la nguo kwa kipimo cha mdomo, likifika halipiti mlangoni. Kila mmoja wa mafundi hawa anaweza kuwa hodari katika kazi yake, na chumba kikaharibika hata hivyo. Kwa hiyo wanaosema mafundi wa mtaani wanatosha wako sahihi kuhusu mikono na hawako sahihi kuhusu mpangilio. Hao mafundi ndio wangekuwa wanafunzi wa kwanza ninaowatamani. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi aliyejifunza kwa kaka yake hupimwa, hujaziwa mapengo na kupewa cheti. Kozi fupi ya kusoma mchoro, kupanga mfuatano wa kazi na kukadiria vifaa ingembadilisha fundi wa miaka kumi haraka kuliko ambavyo ingemkomaza kijana asiyewahi kushika brashi.

Kuna tahadhari moja ya kuchukua hapa. Chuo Kikuu Ardhi kinatoa shahada ya usanifu wa ndani, na wahitimu wake wanafanya kazi nzuri katika hoteli, benki na ofisi za miji mikubwa. Chuo cha Malampaka kisijaribu kuwa tawi dogo la chuo hicho. Mtu wa shahada hufundishwa kubuni kwa ajili ya mteja anayeweza kuagiza kitu kutoka popote, na kuchora kwa kompyuta picha inayofanana na uhalisia. Mwanafunzi wa Malampaka anapaswa kuanza na kilichopo katika duka la vifaa vya ujenzi la mjini Maswa na bei yake ya wiki hii, kisha arudi nyuma kutafuta chumba bora ambacho vifaa hivyo vinaweza kukizaa. Programu za kuchorea kwenye kompyuta atajifunza baadaye. Penseli, rula na karatasi ya miraba vinatosha kuonyesha mlango unafungukia wapi. Na hoja kwamba siku hizi kila kitu kimo kwenye simu haina nguvu kubwa. Simu inaonyesha picha za sebule elfu, na katika hizo elfu hakuna hata moja iliyopimwa joto chini ya bati huku Maswa.

Pamba inastahili aya yake, ingawa ninakiri inatutoa kidogo njiani. Simiyu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa zao hilo, na karibu yote huondoka ikiwa marobota. Huko Marekani pamba ya nguo kuukuu, hasa jinzi, huchambuliwa na kutiwa chumvi za boroni ili isishike moto upesi, kisha huuzwa kama matandiko ya kuzuia joto na sauti juu ya dari. Mabaki ya viwanda vya kuchambulia pamba na vipande vinavyotupwa na washonaji vingeweza kujaribiwa kwa kazi hiyo hiyo katika karakana ya chuo, kwa uangalifu mkubwa wa moto, kwa kuwa pamba kavu isiyotibiwa juu ya vichwa vya watu ni hatari isiyovumilika. Si ndoto ya mbali kwa wilaya hii. Maswa ilikwisha kuthibitisha kwa kiwanda chake cha chaki kwamba wilaya ya wakulima inaweza kuchukua jasi, madini yale yale ya kutengenezea mbao za dari, na kuitoa ikiwa bidhaa yenye jina lake.

Swali la soko linahitaji jibu la ukweli. Kaya za Malampaka peke yake haziwezi kumlisha mtu anayefanya kazi ya ushauri tu, akaketi ofisini akisubiri mwenye nyumba aje kuuliza rangi gani inafaa. Anayeahidi vijana maisha hayo anawadanganya. Ndiyo maana nasisitiza kila mwanafunzi awe na ufundi mmoja wa mkono, ushonaji au useremala au rangi, na usanifu uwe ni kile kinachoongeza thamani ya mkono huo. Mshonaji anayeuza pazia kwa mita anapata fedha ya mita. Yule anayefika nyumbani, akapima dirisha, akashauri kitambaa chepesi chenye rangi ya mwanga kwa upande wa kusini na kizito kwa magharibi, anauza pazia na fimbo yake, na jirani wa mteja atamwita. Halafu kuna soko ambalo wengi hulisahau: majengo ya umma. Mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa sehemu ya mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 uliotoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na mengi ya majengo ya namna hiyo yamekuwa yakijengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kwa mafundi wa eneo husika chini ya usimamizi wa shule na halmashauri. Fedha hiyo ilipita mikononi mwa mafundi wa vijijini. Darasa lenye bati bila dari likinyeshewa, mwalimu huacha kufundisha kwa sababu hasikiki. Ubao ukiwekwa ukuta unaopigwa na mwanga wa dirisha, nusu ya watoto huona mng'aro badala ya maandishi. Mtu mmoja kwenye kamati ya ujenzi anayejua mambo haya kabla lipu haijapigwa angewafaa watoto wa miaka thelathini ijayo.

Na mkoa wenyewe hausimami. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, iliyowekewa jiwe la msingi Juni 2021, inapita katika wilaya hii, na penye stesheni pana watu wanaohitaji pa kulala na pa kula. Upande wa pili wa mkoa, Lamadi katika wilaya ya Busega iko jirani na lango la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti, na nyumba za wageni huko hushindana kwa vyumba. Mwenye gesti mwenye vyumba kumi anaelewa upesi kuliko mtu yeyote hesabu ya chumba kisichofukuta, maana mgeni aliyeshindwa kulala harudi.

Ushahidi wa afya una uzito kuliko wa biashara, na unatoka humu humu nchini. Mkoani Mtwara watafiti walijenga nyumba 110 za mfano vijijini, zenye vyumba vya kulala vilivyoinuliwa juu, kuta zinazopitisha hewa, nyavu za kuzuia mbu, na jiko na choo vilivyopangwa upya, kisha wakafuatilia watoto waliokaa humo na waliokaa katika nyumba za kawaida. Watoto wa nyumba zile waliugua malaria, kuhara na magonjwa ya njia ya hewa mara chache zaidi. Mtu anaweza kusema nyumba zile zilijengwa upya kabisa na gharama yake haiwezi kubebwa na mkulima. Ni kweli, na hakuna atakayebomoa nyumba yake Malampaka kwa ajili ya utafiti wa Mtwara. Ila kanuni zake hutenganishika: wavu dirishani ili dirisha libaki wazi usiku, hewa inayopita pande mbili, jiko lisilopuliza moshi kuelekea vitanda. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mtungi wa gesi utakapofika katika jiko lililojengwa kwa ajili ya mafiga, utawekwa wapi, na hewa itatoka wapi, na meza ya kukatia mboga itakuwa na kimo gani ili mama asiiname saa mbili kwa siku? Mkakati hauwezi kujibu hayo chumba kwa chumba. Fundi aliyesomea anaweza.

Kwa upande wa kuanza, mengi yapo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali sekondari, na vijana watakaotoka huko watatafuta mahali pa kuendeleza ujuzi. Mwalimu mmoja mhitimu wa Ardhi, akisaidiwa na fundi rangi na seremala wa mjini wenye vyeti vya urasimishaji, anatosha kwa darasa la kwanza. Vikundi vya wahitimu vinaweza kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo imegawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, wakanunua cherehani ya mapazia, ngazi na mashine ya kukatia mbao. Mtihani wa mwisho ningeupendekeza uwe hivi: kila kundi la wanafunzi wanne, mshonaji, seremala, mwashi na fundi umeme, lipewe chumba kimoja halisi cha kupanga mjini Malampaka, kwa ridhaa ya mwenye nyumba na mpangaji. Mwenye nyumba anunue vifaa kwa kiwango kilichokubaliwa kabla, chuo kitoe nguvukazi. Wapime joto la chumba saa nane mchana na saa nne usiku kwa siku saba kabla ya kazi na siku saba baada yake, wapime mwanga unaofika mezani anapoandikia mtoto, waandike kila shilingi iliyotumika. Alama zitolewe kwa tofauti ya vipimo hivyo, na daftari libaki maktaba ya chuo ili kundi la mwaka unaofuata lianzie pale lilipoishia la kwanza.